Magadi kabla ya mlima: uchambuzi wa kisa cha chapa ya lino ya Ziwa Natron

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu msanii wa chapa ya lino, yaani picha inayochongwa kwenye bamba laini la linoliamu, kupakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi, anayefanya kazi katika warsha ya pamoja kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, warsha, mteja na mwaka vimeondolewa. Hapa ataitwa M. Mandhari yenyewe haikufichwa. Bila Ziwa Natron na volkano ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, kisa hakieleweki, maana kosa kubwa lilitokana na jinsi mlima ule unavyopata weupe wake.

Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari kuchonga lino ya rangi moja na sasa anataka kuchapa rangi kadhaa kutoka kwenye kipande kimoja. Aliyeshika patasi jana atapata pia la kuokota, ila baadhi ya mambo yamepitwa haraka.

Usuli

M. alikuwa na miaka mingi ya kuchonga lino kwa wino mweusi peke yake: masoko, vyombo vya wavuvi, vibaraza vya mji wa zamani. Mkono wake ulikuwa mzuri. Mistari ya patasi ya V ilikuwa safi, patasi zilinolewa kila siku na kusuguliwa kwenye ngozi, na alijua kusimama kabla ya kufikia gunia lililo chini ya lino. Rangi nyingi hakuwa amezizoea. Kazi yake yenye rangi nyingi kuliko zote ilikuwa na tatu.

Mteja aliagiza nakala 20 zinazofanana, picha ya sentimita 25 kwa 38 iliyolala, mandhari ya porini, muda wiki 9. M. aliamua kuchapa kwa njia ya kupunguza: kipande kimoja cha lino kinachongwa kidogo, kinachapwa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha kinachongwa tena na kuchapwa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, hivyo hivyo mpaka lino inakwisha. Njia hii ilijulikana sana kupitia kazi ambazo Picasso alizifanya na mchapaji Arnéra kule Vallauris, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ubaya wake ni mmoja, nao hauna dawa: kilichochongwa hakirudi. Ukishapita rangi ya tatu huwezi kuchapa nakala nyingine ya rangi ya kwanza hata upewe dhahabu, kwa hiyo idadi ya karatasi unazoanza nazo ndiyo dari ya toleo lako.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: lino ya kijivu yenye unene wa milimita 3.2, presi ya kuzungushwa kwa mkono, wino wa ofseti wa makopo ya kilo 1 unaopatikana kwa wachapaji wa magazeti na kalenda, na karatasi ya pamba ya gramu 220. Karatasi kubwa ya 70 kwa 100 ilikatwa vipande vinne vya 35 kwa 50. M. alikata karatasi kubwa 7, akapata vipande 28 kwa kazi ya nakala 20.

Safari na kilichoandikwa

M. alikaa siku nne Engare Sero, kusini mwa ziwa, akiwa na mwongoza njia wa kijijini. Alirudi na picha za simu zaidi ya 300 na kurasa 11 za penseli. Picha zilikuwa za kila saa ya mchana. Kurasa za penseli karibu zote zilichorwa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo joto lilikuwa halikaliki na hewa juu ya magadi ilianza kucheza mpaka mstari wa mbali haushikiki.

Mandhari yenyewe inahitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyoandaa mtego. Ukisimama ufukwe wa kusini ukiwa umelipa ziwa mgongo, Ol Doinyo Lengai (mita 2,962) iko mbele yako, imechongoka kama pia iliyogeuzwa. Kushoto, upande wa mashariki, ni Gelai, mlima mpana wenye mabega ya mviringo. Kulia ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa lina kina kisichofika mita 3 na chumvichumvi zake ni kali. Wakati wa kiangazi maji yakipungua hugeuka wekundu wa vijidudu wanaopenda chumvi, na kingo zake huganda ukoko mweupe wa magadi, ukoko hasa kama ule wa chini ya sufuria, wenye nyufa za pembe nyingi. Heroe wadogo, wengi huwaita flamingo, huzaliana kwenye matope ya katikati ambako mnyama mla nyama hafiki. M. aliwachora kwa mbali tu, kama alama za waridi. Kuwasogelea wakiwa kwenye viota huwafanya wavitelekeze, na ukoko huvunjika chini ya mguu.

Kisha mlima. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee inayojulikana leo duniani kutoa lava ya kaboneti za sodiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600, kama nusu ya joto la lava ya kawaida. Inatoka nyeusi au ya kahawia, nyepesi kama matope ya mvua, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Weupe wa kileleni ambao mgeni anaudhania theluji ni lava iliyochakaa. Mwongoza njia alimweleza M. hayo, naye akayaandika kwenye ukurasa wa nne: *Nyeusi kwanza. Nyeupe baadaye.* Sentensi hiyo fupi ilimgharimu karatasi 28.

Jaribio la kwanza: wiki ya 2 hadi ya 5

*Uchaguzi wa picha.* M. aliweka kurasa za penseli pembeni, akachagua picha moja ya simu iliyopigwa saa 6 na nusu mchana. Sababu aliyoitoa ni kwamba picha ilikuwa na rangi kamili na kila kitu kilionekana. Ni kweli kilionekana, na hapo ndipo penye tatizo. Jua la utosini halina kivuli, kwa hiyo ukuta wa Bonde la Ufa, miteremko ya mlima na tambarare ya majivu vyote vilikuwa na giza la kiwango kimoja, vikitofautiana kwa rangi tu. Ili kuvitenganisha M. akalazimika kutumia rangi saba.

*Mchoro kwenye lino.* Alichora moja kwa moja kwenye lino kwa kalamu ya wino, bila kugeuza, ingawa chapa hutoka imepinduka kushoto kulia kama kwenye kioo. Kazi zake za masoko hazikuwahi kudai kugeuzwa. Kibanda cha nyanya kikiwa kushoto au kulia hakuna anayeuliza.

*Mpangilio wa rangi.* Alipanga hivi: waridi hafifu, waridi iliyokolea, kijivu cha buluu, kahawia, zambarau ya giza, nyeusi, na mwisho kabisa nyeupe nzito kwa ajili ya magadi ya ufukweni na mikanda ya kileleni. Mantiki yake ilitoka moja kwa moja ukurasa wa nne. Mlimani nyeupe huja baadaye na kulala juu ya nyeusi, basi na kwenye karatasi ilale juu.

Rangi ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Karatasi moja iliharibika kila mara kwa alama za vidole, zikabaki 26. Rangi ya tatu iliharibu tatu: mstari wa ukuta wa Bonde la Ufa ulihama kiasi cha kuacha uzi mwekundu juu yake. Zikabaki 23, huku rangi nne zikiwa bado.

Rangi ya nne ndiyo iliyovunja kazi. Ilikuwa masika, hewa imejaa maji, na wino wa mafuta haukauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, polepole zaidi penye unyevu na pasipo na mwendo wa hewa. M. alikuwa akizirundika karatasi na kuweka gazeti kati yake. Siku ya nne wino ulikuwa bado unanata. Karatasi nazo zilivuta unyevu na kutanuka. M. alipopima, picha ya rangi ya kwanza ilikuwa imeongezeka karibu milimita moja kwa urefu wake wa sentimita 38, ilhali lino ilibaki ilivyo. Milimita moja kwenye mteremko mpana haionekani. Kwenye kingo za magadi, ambazo M. alizichonga kwa patasi ya V ya milimita moja, ni upana wa mstari mzima. Karatasi 9 zilikufa siku hiyo. Zikabaki 14.

Hata hivyo aliendelea na rangi ya tano. Sasa wino ulikataa: badala ya kulala sawasawa ulijikusanya vitonetone, kama maji juu ya sahani yenye mafuta. Matabaka manne mazito ya wino wa ofseti yalikuwa yametengeneza uso laini unaong'aa, na uso wa namna hiyo hauna pa kushika wino mpya.

Kabla ya kuamua lolote M. alifanya jambo la busara. Alichukua mojawapo ya karatasi zilizoharibika, akapaka nyeusi kwa rola, akaiacha ikauke kidogo, akajaribu juu yake ile nyeupe nzito ya mwisho. Ilitoka kijivu cha zambarau, kama chokaa iliyopakwa juu ya moshi. Tabaka la pili la nyeupe liliisogeza kuelekea weupe, lakini likafanya kigongo kinachoonekana ukiinamisha karatasi.

Jioni hiyo hiyo alimtumia mwongoza njia wa Engare Sero picha ya nakala moja kwa simu. Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Kaka, mbona Gelai imehamia upande wa ukuta?"

Uamuzi wa kusimama

Zilibaki wiki nne. M. alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kumalizia nakala 14 na kumwomba mteja apokee pungufu. Ya pili, kuacha kupunguza na kuchonga vipande vitatu tofauti vya lino, kila rangi na kipande chake. Hii ingempa uhuru wa kurudia rangi yoyote, ila kulinganisha vipande vitatu kwa karatasi zilezile kulihitaji muda aliokuwa hana, na lino iliyobaki warshani ilitosha kipande kimoja tu. Ya tatu, kuanza upya kwa kupunguza, kwa rangi chache.

Iliyofunga njia ya kwanza ni Gelai. Kasoro za wino mteja angeweza kuzivumilia, au hata kuzipenda. Lakini mandhari iliyopinduliwa, kwa mteja anayeijua sehemu ile, ni mandhari ya mahali pasipokuwepo. M. alichagua ya tatu.

Jaribio la pili: wiki ya 6 hadi ya 9

*Kurudi kwenye kurasa.* Safari hii picha za simu ndizo zilizowekwa kando. Ukurasa wa saba, wa saa 12 na nusu asubuhi, ulikuwa na mchoro mbaya kwa macho ya mpita njia, lakini ulikuwa na tarakimu. M. alikuwa amefumba macho nusu na kuandika namba 1 hadi 5 kwenye kila eneo, 1 ikiwa nyeupe ya karatasi na 5 giza kuu. Anga 2, ukuta wa mbali 3, Gelai 3, mwili wa mlima 4, kivuli cha magharibi cha mlima 5, magadi 1. Jua la ubavuni lilikuwa limemfanyia kazi ambayo picha ya mchana ilimwachia yeye. Tarakimu tano maana yake rangi nne, kwa kuwa namba 1 haichapwi.

Ukurasa huo ulikuwa na jambo jingine: mishale midogo kando ya kila mstari wa mpaka, ikionyesha mpaka mkali au mpaka laini. Mkali: mlima na anga, magadi na maji. Laini: anga yenyewe, majivu na miguu ya Gelai. Kwa mchongaji taarifa hii ina thamani kuliko rangi. Mpaka mkali unachongwa kwa V. Ulio laini unavunjwa kwa vinundu vya patasi ya U au unaachiwa rola.

*Kugeuza.* Mchoro ulinakiliwa kwenye karatasi ya kuonea, ukapinduliwa uso chini, ukahamishiwa kwenye lino kwa karatasi ya kaboni. Kisha M. aliandika kwa herufi kubwa upande wa nyuma wa lino, juu ya gunia: GELAI, na mshale. Alitazama kila hatua kwenye kioo kidogo cha kunyolea alichokiegemeza ukutani.

*Magadi kwanza.* Kabla wino haujagusa lino, alichonga na kuondoa yote yaliyokuwa namba 1: ukoko wa ufukweni, nyufa zikiwa zimeachwa, na mikanda ya kileleni. Weupe wa mwisho wa mlima ukawa mchongo wa kwanza kabisa wa kazi, na rangi yake ikawa karatasi tupu.

*Kuikalisha karatasi.* Aliacha kutegemea pembe za kadibodi za kuelekezea karatasi ikae mahali pale pale kila rangi. Alitengeneza ubao wa hadibodi wenye fremu inayobana lino isisogee, na vijiti viwili vya mbao vya milimita 6 upande mmoja. Kila karatasi ilibandikwa kwa utepe vishikizo viwili vya plastiki ngumu vilivyotobolewa kwa mashine ya kutobolea mafaili, na vishikizo hivyo havikuondolewa mpaka rangi ya mwisho. Kijiti kilihitaji kusuguliwa kwa msasa mpaka kiingie tunduni bila kubana wala kucheza. Kikicheza hata nusu milimita, kazi yote ya vishikizo ni bure. Karatasi zenyewe zilikaa siku mbili warshani kabla ya kuanza, kisha baada ya kila rangi kukauka zilifungwa kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko. Unyevu haukuondoka, ulifanywa usibadilike.

*Idadi.* Karatasi kubwa 9, vipande 36.

*Rangi ya 1.* Mchanganyiko wa rola: manjano hafifu juu, ukishuka kwenye machungwa na kufikia waridi ya ziwa chini. Wino tatu ziliwekwa kwa mstari kwenye kioo, rola ya upana wa sentimita 30 ikapita juu yake ikiyumba kidogo kushoto na kulia mpaka mipaka ikayeyuka. Rola ilipita kwenye lino kwa mwelekeo mmoja tu. Kila baada ya karatasi 6 kioo kilifutwa na kuanzwa upya, kwa sababu rangi huingiliana na katikati hugeuka matope. Uwiano ulikuwa sehemu 3 za transparenti, yaani wino usio na rangi, kwa sehemu 1 ya wino wenye rangi. Zilipotea 2.

*Rangi ya 2.* Kijivu cha buluu, 2 kwa 1. Ikipita juu ya machungwa inatoa kijivu chenye joto kwenye ukuta, na juu ya waridi inatoa zambarau majini. Rangi moja ilifanya kazi ya mbili bila kuongeza tabaka. Zilipotea 3, zote kwa vishikizo vilivyobanduka.

*Rangi ya 3.* Kahawia yenye zambarau, 1 kwa 1. Hapa miteremko ilichongwa kwa mwelekeo wa maji yanavyoshuka, kutoka kileleni kwenda chini, ili hata masazo ya patasi yanayoshika wino kwa bahati mbaya yasomeke kama makorongo ya majivu. Kwenye jaribio la kwanza masazo hayo yalikwenda kwa mlalo, kwa sababu tu mkono ulikuwa umezoea, na mlima ulionekana kama umefungwa kamba. Zilipotea 3.

*Rangi ya 4.* Nyeusi ya buluu bila transparenti, kwa kivuli na nyufa nene za ukoko. Kabla ya hapo kila karatasi ilipitishwa poda ya talki kwa pamba laini na kufutwa, kuondoa mnato uliobaki. Zilipotea 5, nyingi kwa haraka ya siku ya mwisho.

Kati ya rangi na rangi karatasi zilining'inizwa moja moja kwa vibanio vya nguo, feni ikipuliza kando na si moja kwa moja. Tabaka nyembamba zilikauka siku 3 hadi 4. Kila nakala iliyotoka na wino mwingi ilifunikwa kwa karatasi laini ya gazeti isiyochapwa na kukandamizwa kwa kiganja, ili ziada ibaki kule.

Matokeo

Nakala 23 zilitoka salama. M. aliandika namba 1/20 hadi 20/20 kwa penseli na kubakiza 3 kama nakala za msanii. Alichelewa siku 4, kwa sababu nyeusi ya mwisho ilikataa kukauka kwa wakati. Mteja alipokea zote. Gharama ya karatasi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya makisio, na wiki nne za mwanzo hazikulipwa na mtu.

Uchambuzi

Wengi warshani waliosimulia kisa hiki walikieleza kama kisa cha masika. Unyevu ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini ulikuwepo wiki ya 7 kama ulivyokuwepo wiki ya 4, na mara ya pili kazi ilisimama. Tofauti kubwa ilianza kabla ya lino kukatwa.

Mandhari ina mpangilio wake wa nyakati: mwamba, majivu, lava nyeusi, kisha weupe. Chapa ya kupunguza ina mpangilio wake, nao unaanza na mwanga na kuishia gizani. Kwenye Ol Doinyo Lengai mipangilio hii miwili imepingana kabisa. Kila mchapaji anajua kwamba lino ni kioo cha kushoto na kulia, ingawa M. alilisahau hata hilo. Wachache hufikiri kwamba ni kioo pia cha mwanzo na mwisho. Angechagua Kilimanjaro asubuhi, yenye theluji iliyolala tu juu, huenda angeacha karatasi tupu bila kuwaza. Ilikuwa ni kile alichokijua kuhusu mlima, na kukipenda, kilichompotosha. Alitaka chapa ifuate ukweli wa lava, ilhali mwenye kutazama chapa anaona tu weupe na weusi uliokaa pamoja, haoni ni upi uliotangulia.

Kuhusu picha za simu, si kwamba hazifai. M. alizitumia baadaye kuhakiki umbo la mabega ya Gelai na idadi ya makorongo, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu. Hazifai kuamua ngazi za mwanga. Simu hung'arisha kivuli na kufifisha anga ili kila kitu kionekane, na mchongaji anahitaji mtu wa kumwambia kipi kisionekane. Ukurasa wa saba ulimwambia.

Hesabu ya karatasi ndiyo sehemu ya kisa isiyohitaji kipaji chochote. Baada ya rangi ya tatu zilikuwa zimepotea 5 kati ya 28. Kwa mwendo uleule rangi nne zilizobaki zingekula kama 7 nyingine, na kuacha 16. Hapo palikuwa mahali pa kusimama, siku nane kabla ya aliposimama, wakati bado pana nafasi ya kupumua. M. aliangalia 23 akaona ni zaidi ya 20. Kwa rangi nne, kuanza na karatasi moja na nusu kwa kila nakala inayotakiwa ni kidogo mno: M. alianza na 36 kwa 20, akamaliza na 23, na hata hapo ziada ilikuwa 3 tu. Kwa rangi saba mikononi mwa asiyezoea, mara mbili si nyingi.

Vishikizo vilifanya kazi vizuri, ila vilibanduka kwenye karatasi tatu, kwa sababu utepe uliotumika ulikuwa wa ofisini na gundi yake hulegea kwenye joto. Utepe wa karatasi wa mafundi rangi ungefaa zaidi, na unatoka bila kuchana nyuzi za pamba.

Kuna uamuzi mmoja ambao haukuonekana kuwa uamuzi. Karibu na Engare Sero kuna nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandishwa kwenye matope ya majivu yaliyotoka Ol Doinyo Lengai. M. alizichora, na kwenye mchoro wa kwanza zilikuwepo mbele kabisa, chini ya ziwa. Kwa msanii wa chapa kishawishi kinaeleweka, maana unyayo ni chapa tayari. Kwenye jaribio la pili ziliondolewa kwa sababu tarakimu zake zilikuwa 3 juu ya 3 na zingehitaji rangi ya ziada. Picha ikapata tambarare tupu mbele, na ukoko wa magadi ukapata nafasi ya kuonekana. Ziliondoka kwa sababu ya uchumi wa wino tu, na picha ikanufaika.

Upungufu uliobaki kwenye toleo ni huu. Nakala sita zina ufukwe wenye waridi nyingi kuliko nyingine, kwa sababu zilichapwa mwishoni mwa mizunguko ya karatasi 6, rangi zikiwa zimeanza kuchanganyika kwenye rola. Kwenye mwanga wa taa hazitofautishwi. Zikiwekwa kando kwa kando dirishani zinaonekana. M. aliziingiza kwenye toleo kwa hoja kwamba mchanganyiko wa rola haufanani kamwe mara mbili. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini agizo lilisema nakala zinazofanana, na kioo kingefutwa kila baada ya karatasi 4 badala ya 6, kazi ingeongezeka kwa kama saa moja tu.